Kununua ghala la shamba lililogeuzwa nyumba kule England: mwongozo kamili kabla hujaweka sahihi

Kuna jambo moja ukilishika, mengine yote yatakuja yenyewe: ghala halikujengwa kwa ajili ya watu. Lilijengwa kuweka ngano, nyasi kavu, mikokoteni na ng'ombe, alafu mtu fulani mwaka fulani akaja akaligeuza nyumba. Kwa hiyo usidhani unanunua zile boriti za mwaloni na sebule yenye paa refu juu kama kanisa. Unanunua kazi ya yule aliyeligeuza, pamoja na makaratasi yake. Boriti zenyewe zimekaa miaka mia mbili, mia tatu, zitaendelea kukaa tu, kinachomsumbua mnunuzi karibu kila mara ni kile kilichofanywa 1988 au 2016, kama fundi alifanya kazi au alilipua.

Nazungumzia England peke yake, maana huko ndiko haya maghala yamejaa sokoni na ndiko sheria zake nazozielezea hapa zinafanya kazi. Scotland na Wales wana kodi zao na utaratibu wao, usichanganye.

Hatua ya 1: Jua ghala lako ni la aina gani

Madalali wanaziita zote kwa jina moja ila ziko aina tatu tofauti kabisa, na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ni ghala la kupuria nafaka, hili ndilo watu wengi wanalo kichwani. Lina milango miwili mikubwa inayotazamana, mkokoteni uliingilia huku ukatokea kule, na katikati pale ndipo walipopura. Wakifungua milango yote miwili upepo unapita moja kwa moja unapeperusha makapi. Leo milango ile ndiyo imekuwa vile vioo virefu vya sakafuni hadi juu, kwa hiyo ukiingia ukaona kioo kikubwa mbele na kingine nyuma yake, ujue umesimama penye uwanja wa kupuria. Kabla hujaanza kuzunguka na madalali nenda kaangalie ghala zima ambalo halijaguswa, kama la Great Coxwell kule Oxfordshire au Barley Barn la Cressing Temple kule Essex, yote mawili ya karne ya 13. Simama katikati uangalie jinsi kila mti ulivyomshika mwenzake. Ukishaona kenchi nzima inavyokaa, utaiona haraka ile iliyokatwa.

Ya pili ni mazizi na mabanda ya farasi, marefu, mafupi kwa kimo, ya mawe au tofali, mara nyingi yanazunguka ua wa shamba. Ya tatu ni mabanda ya kisasa ya vyuma na mabati, yaliyojengwa baada ya vita kuu ya pili, ambayo yaligeuzwa kwa kutumia ruhusa ya kugeuza majengo ya kilimo kuwa nyumba inayoitwa Class Q iliyoanza 2014. Hii ya tatu watu wanaidharau ila mimi siidharau, ikiwa imefanywa vizuri inakuwa na joto na ukavu kuliko za mawe. Ila usilipie bei ya historia kwenye banda la mabati.

Hatua ya 2: Soma makaratasi kabla hata hujapanda gari kwenda kuangalia

Hapa ndipo nakusihi uweke muda wako mwingi, maana watu wanafanya kinyume, wanaenda wanaipenda nyumba, alafu ndio wanaanza kusoma, na mtu aliyeshapenda hasomi vizuri. Karibu kila kitu cha mwanzo unaweza kukipata ukiwa umekaa nyumbani. Ingia kwenye tovuti ya halmashauri ya eneo hilo, sehemu ya mipango, andika anwani, utaona historia ya maombi yote ya lile ghala. Fungua ile barua ya uamuzi na usome masharti moja baada ya jingine, yameorodheshwa kwa namba.

Unatafuta nini? Kwanza sharti la matumizi. Maghala mengi yaliruhusiwa kugeuzwa kwa sharti kwamba yawe nyumba za wageni wa likizo tu, sio makazi ya mtu ya kudumu. Mengine yana sharti kwamba anayeishi humo awe mtu anayefanya kazi ya kilimo au misitu eneo hilo. Nyumba ya hivyo utaiona bei yake iko chini ya wenzake na utadhani umeokota dhahabu, na benki nyingi zitakataa kukukopesha. Kuliondoa sharti inawezekana ila ni maombi mapya na hakuna wa kukuhakikishia.

Pili, haki za kuongeza na kubadilisha. Nyumba ya kawaida England ina ruhusa ya jumla ya kuongeza vitu vidogo vidogo bila kuomba, kama kibanda cha bustani au chumba cha nyuma cha kiwango fulani. Kwenye maghala halmashauri mara nyingi huziondoa haki hizo kwenye sharti lile lile la ruhusa, na nyumba za Class Q hazinazo kabisa. Yani hata dirisha la paa huenda ukahitaji kuomba. Kama ndoto yako ni kununua alafu uongeze karakana na chumba cha jua, sharti hili linaizima ndoto, bora ulijue leo.

Tatu, na hili ndilo linalowapata wengi kimya kimya: mpaka wa bustani. Kisheria kuna ardhi ya makazi na kuna ardhi ya kilimo, hata kama zote ziko ndani ya uzio mmoja na zote zimefyekwa majani vizuri. Kwenye Class Q eneo la makazi linalozunguka nyumba haliruhusiwi kuzidi ukubwa wa eneo lililokaliwa na jengo lenyewe. Sasa chukua ramani iliyoambatana na ile ruhusa, angalia ule mstari mwekundu unaoonyesha mpaka wa ruhusa, alafu ulinganishe na picha za dalali. Utakuta bembea ya watoto, meza ya kulia nje, nusu ya maegesho, vyote vimekaa kwenye shamba. Kugeuza shamba kuwa bustani kunahitaji ruhusa, na halmashauri ikiamua kufuatilia anayeandikiwa barua ni mwenye nyumba wa sasa, kwa maana hiyo wewe. Dalali anapokuambia "ekari mbili za bustani" muulize mstari mwekundu unapita wapi, na jibu ulitake kwa maandishi.

Kama ni Class Q kuna vitu viwili zaidi vya kuhakikisha. Kazi ilitakiwa imalizike ndani ya miaka 3 tangu kuidhinishwa, na ilitakiwa iwe kugeuza kweli, sio kubomoa na kujenga upya. Mahakama Kuu ililisema hili wazi kwenye kesi ya Hibbitt mwaka 2016, kwamba ukiacha vyuma tu ukajenga kila kitu kipya hiyo ni nyumba mpya na Class Q haikuruhusu. Kwa hiyo tafuta picha za wakati wa ujenzi. Kingine, tangu Mei 2024 nyumba moja ya Class Q haitakiwi kuzidi mita za mraba 150, kabla ya hapo zilifika hadi 465, kwa hiyo ukikuta jumba kubwa sana linasemwa ni Class Q tazama tarehe ya idhini yake.

Alafu angalia kama ni jengo la urithi. Orodha ya taifa iko wazi mtandaoni bure, kwa Historic England, taasisi ya serikali ya majengo ya kale, ngazi ni Grade I, Grade II* na Grade II. Ila kutolikuta jina la ghala kwenye orodha hakumaanishi uko huru. Kama nyumba kuu ya shamba imeorodheshwa, na ghala lilikuwa sehemu ya ua wake na lilijengwa kabla ya tarehe 1 Julai 1948, sheria inaweza kulihesabu nalo limelindwa kupitia nyumba ile. Kufanya mabadiliko bila kibali kwenye jengo la urithi ni kosa la jinai, na amri ya kurudisha jengo lilivyokuwa haina ukomo wa miaka, inamfuata mwenye nyumba hata kama aliyeharibu alishauza zamani. Kwa hiyo jiko jipya zuri lenye ukuta uliotolewa, uliza kibali chake kiko wapi.

Mwisho wa makaratasi ya ujenzi ni cheti cha kukamilika kutoka kwa wakaguzi wa kanuni za ujenzi. Hiki ni tofauti na ruhusa ya mipango. Ruhusa inasema unaweza kugeuza, cheti kinasema umegeuza kwa usalama: moto, insulesheni, umeme, ngazi. Kikikosekana muuzaji atakupa bima ya kufidia, na mawakili wanapenda sana njia hiyo kwa sababu ni rahisi, ila elewa bima ile inalipa gharama za halmashauri kukuandama, hailipi boriti iliyokatwa vibaya. Na angalizo: usipige simu halmashauri kuulizia cheti kabla hujaongea na wakili wako, ukishawashtua kampuni ya bima inaweza kukataa kukukatia.

Hatua ya 3: Nenda ukaliangalie, na uangalie kuta kabla ya jiko

Nenda siku ya mvua ukiweza, na nenda na tepu ya kupimia.

Anzia nje. Simama kwenye kona ya jengo, sogeza jicho lako karibu na ukuta uutazame kwa urefu wake kama fundi anavyonyoosha mbao. Unatafuta tumbo, ukuta uliotoka nje katikati, juu karibu na paa. Sababu yake ni hii: paa zito linasukuma kuta zifunguke, na kinachozizuia ni boriti nene iliyolala kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Sasa boriti hiyo kwenye ghala mara nyingi inapita usawa wa kifua au kichwa cha mtu aliyesimama ghorofa mpya ya juu, na aliyegeuza nyumba alitaka korido, kwa hiyo akaikata. Kama injinia alipiga hesabu na kuweka vyuma mbadala, hakuna tabu. Kama fundi aliamua tu mwenyewe na msumeno wake, paa limeanza kufunguka taratibu na litaendelea. Ndani panda juu, angalia kama sakafu imeachana na ukuta wa nje, angalia nyufa zilizo pana juu na nyembamba chini pale kuta zinapokutana. Utaona pia matundu ya mraba kwenye miti, matupu, palipokuwa na mti mwingine. Hayo peke yake sio ushahidi, wajenzi wa zamani walitumia tena miti ya majengo mengine sana tu, ila tundu tupu pamoja na ukuta wenye tumbo ni sababu ya kuomba mahesabu ya injinia.

Uliza pia kama sakafu ya chini ilishushwa. Misingi ya maghala ya zamani ni mifupi, mengine kama hayana kabisa, na watu wakitaka kimo zaidi au insulesheni huchimba ndani. Ukichimba chini ya msingi bila kuutegemeza, ukuta umebaki unaning'inia.

Kwenye mazizi kuna tatizo ambalo sijaona dalali akilitaja hata siku moja. Ng'ombe na farasi wamekojoa mle miaka mia na zaidi, na chumvi ya mkojo imezama ndani ya tofali na mawe. Chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo siku za unyevunyevu ukuta unatoka jasho na madoa ingawa hakuna bomba linalovuja wala maji yanayopanda kutoka chini. Weka kiganja kwenye mita moja ya chini ya ukuta, pitisha taratibu. Ukigusa unga mweupe laini kama pamba, au rangi inayobanduka ikiwa imevimba, na hasa ukisikia harufu ya rangi mpya sehemu hiyo tu na sio kwingine, basi ndiyo yenyewe. Watakuja watu wa kuuza dawa ya kuchoma sindano ukutani, itakula pesa na chumvi itabaki pale pale. Kinachosaidia ni lipu ya chokaa inayopumua na kubadilishwa ikichoka, au kujenga ukuta wa ndani uliotengana na ule wa zamani.

Tukiwa kwenye chokaa, kuta hizi zilijengwa kwa udongo wa chokaa ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Fundi akija kuziba viungo kwa simenti ngumu, maji yanakosa njia, yanatokea kwenye jiwe lenyewe na uso wa jiwe unamenyeka. Kwenye majengo ya miti ni mbaya zaidi maana mti unaoza nyuma ya simenti na wewe nje unaona ukuta safi kabisa.

Dumuzi: usiogope kila tundu. Boriti ya zamani ina matundu, hiyo ni kawaida. Cha kuogopa ni vumbi jipya, laini, rangi ya mbao mbichi, likiwa chini ya boriti au juu ya fanicha, na hasa mahali penye unyevu kama mwisho wa boriti unaoingia ukutani. Ukiondoa unyevu mara nyingi umemaliza nusu ya vita.

Tepu sasa. Vyumba vya kulala vya maghala vina madirisha machache na ya ajabu ajabu kwa sababu halmashauri haikutaka matundu mapya kwenye kuta. Dirisha linalohesabiwa kuwa la kutorokea moto linatakiwa lifunguke nafasi ya mita za mraba 0.33, upana na kimo visipungue milimita 450, na lisianze juu ya milimita 1,100 kutoka sakafuni. Lifungue, lipime. Chumba cha kulala cha juu ambacho mtu lazima apite sebuleni ndio atoke nje, na dirisha lake ni tundu la paa asilolifikia mtoto, mimi nisingelaza mtu humo mpaka mtaalamu wa moto apaone.

Popo wanapenda maghala, na wanalindwa kisheria pamoja na makao yao hata kipindi ambacho hawamo. Nyumba nyingi ziliruhusiwa kwa sharti la kuwaachia nafasi darini. Nafasi hiyo sio stoo yako. Ukitaka kutengeneza paa utahitaji mtaalamu na pengine leseni ya Natural England, shirika la serikali la mazingira, kwa hiyo hesabu muda na pesa. Bundi wa maghala naye analindwa, asisumbuliwe akiwa na kiota.

Baada ya hapo ndio uajiri mkaguzi wa majengo. Chukua ukaguzi wa Level 3, ule wa kina kabisa, wa wanachama wa RICS, chama cha wakaguzi wa majengo, chini ya hapo usikubali kwa jengo la namna hii, na muulize wazi kama ana uzoefu na majengo ya miti au mawe ya chokaa. Ripoti ya benki isikudanganye, ile wanaangalia thamani ya dhamana yao tu.

Hatua ya 4: Mambo ya chini ya ardhi

Kijijini mabomba ya maji taka ya mji hayafiki. Kuna septiki, au mtambo mdogo wa kusafisha maji taka, au shimo la kunyonywa. Septiki ya kawaida ikimwaga moja kwa moja kwenye mto au mfereji imekatazwa England, na tarehe 1 Januari 2020 ndio ulikuwa mwisho wa kurekebisha. Nyumba ikiuzwa na septiki yake haifuati kanuni, suala la nani anabadilisha linatakiwa liwe limeamuliwa kwenye mauzo yenyewe. Muuzaji anatakiwa akupe maelezo ya mfumo kwa maandishi. Muulize maji yanatoka yanaenda wapi, na kama uwanja wa kunyonya, yani ardhi inayofyonza maji ya septiki, uko kwenye ardhi ya jirani basi haki ya kupita iwe kwenye hati. Lipa mtu afungue mifuniko aingize kamera, ni gharama ndogo ukilinganisha na mtambo mpya.

Maji ya kunywa yakitoka kisimani au chemchemi, yapime mwenyewe maabara, maana kisima cha nyumba moja ya familia halmashauri hailazimiki kukipima mara kwa mara mpaka aombwe. Uliza pia kiangazi kikali maji yalishuka hadi wapi.

Gesi ya bomba hakuna. Utakuta tenki la mafuta ya kupashia joto, kimsingi ni mafuta ya taa, angalia kama tenki lina ukuta wa pili wa kuzuia uvujaji na liko mbali na nyumba na kisima. Na yale mabanda mengine ya uani yenye paa la shiti za kijivu za mawimbi, za zamani, zinazofanana na mabati ila sio chuma, chukulia ni asbesto mpaka upimaji useme vinginevyo, matumizi yake yalipigwa marufuku kabisa 1999 ila yaliyokuwepo yalibaki.

Hatua ya 5: Joto

Hapa hakuna siri, hewa ya moto inapanda juu, na wewe unakaa chini. Sebule ya kimo cha mita saba inapasha joto boriti kwanza. Usiulize "inapata joto?" kila mtu atasema ndio. Omba risiti za mafuta au umeme za baridi mbili zilizopita, na uulize walikuwa wanaishi watu wangapi na walikuwa wanatumia vyumba vyote au walijifungia jikoni. Uliza insulesheni iliwekwa wapi na unene gani. Nenda asubuhi ya baridi bila kutoa taarifa ndefu, ukikuta majiko ya kuni yote yanawaka na madirisha yanatoa jasho, umepata jibu. Ukishaona hayo uje na hesabu ya pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, England serikali inachangia (paundi 7,500 kwa viwango vya 2025) kwenye kubadilisha boila ya mafuta kwa wanaotimiza masharti, ila pampu kwenye jengo linalovuja hewa itakutia hasara, kwa hiyo kwanza ziba, alafu ndio pampu.

Hatua ya 6: Majirani, njia na mwenye shamba wa zamani

Ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za kipimo cha 1:25,000 zinaonyesha njia za umma kwa vistari vya kijani. Angalia kama njia inapita uani kwako, wapita njia wana haki yao na huwezi kuweka geti la kufuli. Barabara ya kuingilia ni ya nani, nani anajaza mashimo, ni haki ya kupita kwa magari au kwa mifugo tu kama ilivyoandikwa enzi hizo? Kama mko maghala manne yanazunguka ua mmoja mkichangia mtambo wa maji taka, omba mahesabu ya ile kampuni ya pamoja na uone kuna akiba au kuna deni.

Shamba la jirani likiwa bado linafanya kazi, nenda mwezi wa Agosti usiku. Mashine za kukausha nafaka zinanguruma hadi alfajiri msimu wa mavuno, na majira ya kumwaga samadi utaijua harufu yake. Sio kosa la mkulima, yeye alikuwepo kabla yako, na ukinunua pale ujue unakuja kuishi kazini kwake.

Kuna na hiki: wakulima wakiuza hujiwekea haki ya kudai sehemu ya thamani kama baadae ardhi itapata ruhusa ya kujengwa. Inaweza kudumu miaka mingi na inakufunga hata wewe uliyenunua baadae kwa mtu mwingine. Wakili aitafute kwenye hati.

Hatua ya 7: Pesa

Kodi ya ununuzi, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025: paundi 125,000 za mwanzo hakuna kodi, hadi 250,000 ni asilimia 2, hadi 925,000 ni asilimia 5, hadi milioni 1.5 ni asilimia 10, juu ya hapo 12. Ghala la 900,000 linakuwa hivi: 2,500 na 32,500, jumla 35,000.

Sasa sikiliza hapa hasa ndugu yangu mwenye nyumba nyingine. Kuna nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote kama baada ya kununua utakuwa na nyumba zaidi ya moja, na wanahesabu nyumba popote duniani yenye thamani ya kuanzia paundi 40,000, ikiwemo ile uliyojenga nyumbani Afrika. Kwenye mfano wetu ni 45,000 juu, jumla 80,000. Unaepuka kama unabadilisha makazi makuu, yani umeuza uliyokuwa unaishi ukahamia hii. Na kama hukuwepo Uingereza angalau siku 183 ndani ya miezi 12 kabla ya kununua, ongeza asilimia 2 nyingine, 18,000. Jumla 98,000. Watu wanatafuta pesa hii wiki ya mwisho, itafute wiki ya kwanza.

Mkopo: ongea na dalali wa mikopo anayejua majengo yasiyo ya kawaida kabla hujatoa ofa, na mwambie ukweli wote: septiki, ekari, sharti lolote la matumizi, aina ya kuta. Bima vile vile, omba makadirio ya gharama ya kulijenga upya kutoka kwa mkaguzi, kwa jengo la urithi gharama hiyo inaweza kupita bei ya soko.

Hatua ya 8: Kutoka ofa hadi funguo

Ofa yako ikikubaliwa bado huna kitu mkononi, England hakuna anayefungwa mpaka nyinyi wawili mbadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaweza kumkubali mwingine na wewe unaweza kujitoa. Huo ndio muda wa wakili kufanya upekuzi wake (halmashauri, maji, mazingira, mafuriko, na radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, kama ni maeneo kama Cornwall na Devon) na wewe kurudi na ripoti ya mkaguzi kujadiliana bei. Jadiliana kwa vitu vyenye bei: mtambo wa maji taka kiasi hiki, paa kiasi hiki, na nukuu za mafundi ziwepo. "Naona ni ghali" haimshushi mtu.

Tafuta wakili aliyezoea mali za vijijini hata kama yuko mbali na bei yake iko juu kidogo. Mpe ile ramani ya mstari mwekundu na ramani ya hati ya HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, mwambie azilinganishe na uzio uliouona kwa macho, kwa sababu yeye hatakwenda kuiona nyumba, wewe ndiye macho yake. Piga picha za kila kona ya uzio umtumie.

Siku ya kubadilishana mikataba unalipa amana, kawaida asilimia 10, na bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo. Ukikamilisha, kodi ilipwe ndani ya siku 14, wakili ndiye anashughulikia ila hela iwe kwake.

Na kabla muuzaji hajaondoka muombe nusu siku akuzungushe. Akuonyeshe koki kuu ya maji iko wapi, pampu ya kisima inawashwaje, mifuniko ya septiki imefukiwa wapi na ilinyonywa mara ya mwisho lini na nani, swichi ya sakafu ya joto, fundi wa paa anayemwamini, na chokaa aliyotumia kwenye kuta ilitoka wapi. Rekodi kwa simu kila kitu anachosema.